Supu ya Vietnam katika jiko la nyumbani: namna ya kupika phở

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, wakazi wa Hanoi huketi kwenye vigoda vifupi kando ya barabara, kila mmoja ameinamia bakuli linalofuka mvuke. Ndani ya bakuli hilo mna tambi pana za mchele, vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe, vitunguu vya majani na supu nyepesi iliyo safi kiasi cha kuona chini ya bakuli. Chakula hicho huitwa phở, na leo hii kinauzwa Paris, Sydney, California, Dubai na London.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatakiona kuwa kigeni sana. Supu ya mifupa au ya makongoro, inayonywewa asubuhi kwa chapati na kukamuliwa ndimu, ni kifungua kinywa cha madereva, wachukuzi na makarani kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Mnyama ni yule yule na mifupa ni ile ile. Kinachozitenga supu hizi mbili ni mpangilio wa kazi. Ile ya Vietnam hupikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi, hutiwa viungo ambavyo sisi huvitia katika pilau, na kila kinachoambatana nayo huandaliwa peke yake na kukutanishwa bakulini dakika ya mwisho.

Makala haya yanaeleza chimbuko la chakula hicho na namna ya kukipika nyumbani, iwe nyumba hiyo iko Nairobi, Maskati au Minneapolis. Yanaeleza pia sababu ya kila hatua, kwani mpishi anayejua sababu anaweza kubadili kitu kinachokosekana bila ya kuharibu chungu kizima.

Jina na chimbuko

Phở hutamkwa takriban kama "fa", kwa irabu isiyokuwamo katika Kiswahili, huku sauti ikishuka kisha ikipanda kana kwamba msemaji anauliza swali. Ilizaliwa kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Hanoi na katika uliokuwa mkoa wa Nam Định, kusini-mashariki yake, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Ufaransa.

Kabla ya hapo wakulima wa Vietnam hawakuwa walaji wakubwa wa ng'ombe. Ng'ombe na nyati walikuwa wa kulima mashamba ya mpunga, na mtu hamchinji mfanyakazi wake. Wafaransa walikuja na mapenzi yao ya nyama ya ng'ombe, machinjio yakaongezeka, na mifupa na mabaki ya nyama yakapatikana kwa bei nafuu. Wachuuzi, wengine wao wakiwa Wachina, walikuwa tayari wakiuza supu za tambi barabarani. Mifupa hiyo ikaingia katika vyungu vyao. Mjini Nam Định palikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, na wafanyakazi wake walihitaji chakula cha moto, cha haraka na cha bei ndogo.

Wachuuzi hao walibeba biashara yao yote begani kwa mzegazega: upande mmoja jiko na chungu, upande wa pili mabakuli, tambi na nyama. Mtu aliyewahi kuwaona wauza maji wa miji ya pwani yetu ataielewa picha hiyo mara moja.

Kuhusu jina, mabishano hayajakwisha. Wako wanaodai kuwa linatokana na pot-au-feu, chakula cha Kifaransa cha nyama na mboga zilizochemshwa. Wengine husema linatokana na neno la Kichina la tambi za mchele. Kamusi iliyochapishwa Hanoi mwaka 1931 iliegemea upande wa Kichina. Hoja ya Wafaransa nayo ina nguvu yake, kwani katika chakula chao vitunguu huunguzwa kabla ya kutiwa chunguni, na hivyo ndivyo wafanyavyo wapishi wa phở hadi leo.

Mwaka 1957 mwandishi Nguyễn Tuân alichapisha insha ndefu kuhusu supu hiyo, akakosolewa na watu walioona kwamba mwandishi wa nchi iliyokuwa ikijijenga hapaswi kupoteza karatasi kwa habari za tumbo. Zama zimebadilika. Mwaka 2024 serikali ya Vietnam iliitangaza phở ya Hanoi na ile ya Nam Định kuwa urithi wa utamaduni wa taifa.

Supu iliyosafiri na watu

Historia ya phở ni historia ya watu waliolazimika kuhama. Mwaka 1954, baada ya mapatano ya Geneva, Vietnam iligawanywa sehemu mbili, na watu baina ya laki nane na milioni moja walitoka kaskazini kwenda kusini. Walipofika Saigon walifungua vibanda vya supu ya kwao. Kusini ni nchi ya joto, mashamba yenye rutuba na sukari nyingi, na supu ikabadilika. Ikawa tamu kidogo, ikapewa sahani ya majani mabichi, chipukizi za choroko, ndimu, pilipili na sosi nzito ya soya. Mtu wa Hanoi hadi leo huitazama sahani hiyo kwa shaka. Yeye hutosheka na vitunguu vya majani, pilipili na ndimu au siki ya vitunguu saumu, pamoja na vipande virefu vya unga uliokaangwa ambavyo huvichovya katika supu kama sisi tuchovyavyo mandazi katika chai.

Kaskazini nako mambo yalikuwa magumu. Miaka ya 1960 nyama ilikuwa haba, na maduka ya serikali yaliuza phở isiyo na nyama. Wakati huo Marekani ilikuwa ikirusha juu ya anga ya nchi hiyo ndege za upelelezi zisizo na mtu ndani yake. Wakazi wa Hanoi wakaipa supu yao jina: "phở isiyo na rubani".

Vita vilipomalizika Aprili 30, 1975, wimbi la pili la uhamaji likaanza, safari hii kuelekea nje ya nchi. Wengi walitoroka kwa mashua, na wengi walifia baharini. Waliosalimika walifika Marekani, Ufaransa, Australia na Canada. Uingereza ilikubali mwaka 1979 kuwapokea watu 10,000 kutoka kambi za Hong Kong. Baadhi yao walikaa mashariki mwa London, na ndiyo sababu barabara ya Kingsland hii leo ina safu ya mikahawa ya Kivietnam.

Jambo hili halihitaji ufafanuzi mrefu kwa wasomaji wetu. Familia zilizoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 na kukaa Maskati zimelea watoto na wajukuu wasiowahi kukiona kisiwa hicho, lakini wanaojua ladha ya wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Nyumba, shamba na cheo huachwa nyuma, bali upishi huweza kubebwa kichwani, madhali kuna mtu anayeukumbuka.

Kipimo cha kiganja

Mimi mwenyewe nilifika London nikiwa na begi moja, baada ya gazeti nililolihariri kufungwa. Katika jengo ninaloishi, ghorofa moja chini yangu, anakaa mwanamke aliyezaliwa Saigon na kufika hapa akiwa kijana. Lugha yao, kama adabu yetu, haimruhusu mtu kumwita mwenziwe kwa jina tupu: lazima umpe nafasi katika ukoo. Mimi nikamwita chị, yaani dada mkubwa, naye akaniita em, yaani mdogo wangu.

Phở yangu ya kwanza niliipika kwa kufuata karatasi niliyopewa dukani, na haikuwa na jina. Niliichemsha kwa moto mkali ili iive upesi, nikamwaga viungo vyote tangu mwanzo. Ilitoka nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele, na ilinuka dawa ya kifua. Dada alionja kijiko kimoja, akauzima moto, akaniambia nirudi Jumamosi na mifupa mingine.

Upishi wake aliupata kwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa mmoja wa watu walioihama Hanoi mwaka 1954. Haukuandikwa popote. Vipimo vyake vilikuwa kiganja, ncha za vidole na "mpaka harufu ifike mlangoni". Kwa kuwa kazi yangu ya miaka thelathini imekuwa ni kuwauliza watu maswali na kuyaandika majibu, nilichukua mizani na daftari, na kila alipotaka kutia kitu nilimwomba kwanza akiweke juu ya mizani. Alicheka, lakini alikubali. Vipimo vinavyofuata ndivyo vilivyotoka katika daftari hilo.

Vitu vinavyohitajika kwa watu sita

Kwa ajili ya supu:
- Mifupa ya ng'ombe kilo 2 na nusu: nusu iwe ya miguu yenye uboho, nusu iwe ya maungio au mkia
- Nyama ya kidari gramu 700, katika pande moja
- Maji lita 5
- Vitunguu maji vikubwa 2
- Tangawizi mbichi gramu 100
- Anisi ya nyota 5
- Kijiti 1 cha mdalasini, chenye urefu wa kidole cha kati
- Karafuu 4
- Mbegu za giligilani kijiko 1 cha chakula
- Iliki nyeusi 1, ile kubwa yenye harufu ya moshi, ikipatikana
- Sosi ya samaki vijiko 4 vya chakula
- Sukari gramu 25, ya mawe ikipatikana
- Chumvi kijiko 1 cha chakula, na nyingine kwa kuonja

Kwa ajili ya bakuli:
- Tambi pana za mchele, zilizokauka, gramu 500
- Nyama laini ya sarara gramu 350
- Vitunguu vya majani, kotimiri na majani ya mrehani
- Chipukizi za choroko viganja 3
- Ndimu na pilipili mbichi

Baadhi ya vitu hivi vinahitaji maelezo. Anisi ya nyota ni tunda kavu la rangi ya udongo, lenye ncha nane, na huuzwa katika maduka ya Wahindi na ya Wachina. Mrehani unaotumiwa Vietnam una shina la zambarau na harufu inayokaribia ya anisi, lakini mrehani wa kawaida hufaa. Tambi ziwe za mchele. Zile za ngano zinazopikwa kwa sukari nyumbani kwetu hazifai hapa, kwani huivuruga supu.

Sosi ya samaki hutengenezwa kwa dagaa wa baharini na chumvi, takriban mafungu matatu ya samaki kwa fungu moja la chumvi, vikaachwa katika mapipa kwa muda wa mwaka mmoja hivi hadi umajimaji wake utoke. Harufu yake ikiwa chupani humkimbiza mgeni. Ikishaingia katika supu harufu hiyo hutoweka na kubaki utamu wa nyama. Katika nchi za Ghuba huuzwa pia katika maduka ya Wafilipino. Asiyeipata atumie chumvi peke yake: atapata supu nzuri, ingawa si phở kamili.

Mifupa kwanza

Weka mifupa katika sufuria kubwa, ifunike kwa maji baridi, ichemshe kwa nguvu kwa dakika 10, kisha mwaga maji yote. Osha kila mfupa kwa maji ya bomba, na uisugue sufuria. Wengi huona uchungu kumwaga maji hayo wakidhani wanamwaga utamu. Kinachomwagwa ni damu na uchafu ambao, ukiachwa, hugeuka povu la kijivu na kuitia supu weusi.

Rudisha mifupa sufuriani pamoja na kidari, tia lita 5 za maji safi, na uongeze moto hadi ikaribie kuchemka. Hapo upunguze moto mpaka uone viputo vichache tu vikipanda kimoja kimoja. Usiifunike kabisa, wala usiikoroge. Toa povu kwa kijiko pana katika nusu saa ya kwanza.

Hii ndiyo siri kubwa ya phở, na ndipo nilipokosea mimi. Moto mkali huyapiga mafuta na kuyavunja kuwa matone madogo sana yanayochanganyika na maji, na supu ikawa nyeupe kama maziwa. Moto mdogo huyaacha mafuta yaelee juu, ambako unaweza kuyaengua. Wakati huo huo, ndani ya maungio na kano mna dutu ngumu iitwayo kolajeni, ambayo kwa joto la saa nyingi hulainika na kuwa jelatini. Jelatini ndiyo inayoipa supu uzito mdomoni bila ya unga wala nazi. Ukiiweka supu katika friji usiku na asubuhi ukaikuta imeganda na kutikisika, ujue kazi ilifanyika sawasawa.

Kidari kitaiva baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Kitoe, kiweke katika bakuli la maji baridi kwa dakika 10 ili kisikauke na kuwa cheusi, kisha kikifunike. Mifupa iendelee hadi itimize saa sita. Wasomaji walio Nairobi au Kigali waongeze saa moja, kwa sababu katika miji ya milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Katika mwinuko wa mita 1,700, kwa mfano, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Asiye na saa sita, au anayelipia gesi kwa mtungi, atumie sufuria ya presha kwa saa moja na nusu, kisha azime moto na kuiacha ipoe yenyewe bila ya kuifungulia mvuke. Supu itatoka safi, kwa sababu ndani ya presha maji hayatokoti kwa fujo.

Vitunguu, tangawizi na moto

Wakati mifupa inapoendelea, viweke vitunguu viwili na tangawizi, pamoja na maganda yake, juu ya moto wa gesi au wa makaa. Vigeuze mpaka ganda la nje liwe jeusi na ndani vianze kulainika, kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Mwenye jiko la umeme avikate na kuviunguza katika kikaango kikavu. Kisha vioshe, toa weusi wote, ponda tangawizi kidogo, na uvitie chunguni.

Mwaka 1912 mwanakemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza namna sukari na chembe za protini zinavyoungana katika joto kali na kuzaa ladha na rangi mpya. Ndiyo sababu ya utamu wa ukoko wa mkate, wa mishkaki na wa kahawa iliyokaangwa. Maji hayawezi kuzalisha ladha hiyo, kwa kuwa hayapiti nyuzi 100. Lazima itengenezwe nje ya chungu kisha iletwe ndani.

Viungo visitangulie

Kaanga anisi, mdalasini, karafuu, giligilani na iliki katika kikaango kikavu, kwa moto mdogo, dakika mbili au tatu, mpaka harufu iinuke. Vifunge katika kitambaa cheupe safi na uvitie chunguni saa ya mwisho, si kabla. Harufu ya viungo imo katika mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Ukivitia asubuhi, ifikapo mchana harufu imekwenda kwa majirani, na kilichobaki chunguni ni uchungu. Baada ya dakika 45 onja. Ukiona vimetosha, kitoe kifuko.

Karafuu nne zaonekana kuwa chache kwa chungu cha lita tano. Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, nchini Indonesia, nayo ilipandwa Unguja na Pemba mapema katika karne ya 19, hadi Zanzibar ikawa mzalishaji mkuu duniani. Mtu aliyekua karibu na uwanja wa kuanikia karafuu anajua nguvu yake, na hatahitaji kuambiwa asizidishe.

Chumvi, uchachu na utamu

Chuja supu kwa chujio lililotandazwa kitambaa. Engua mafuta, lakini usiyamalize: matone machache yanayong'aa juu ya bakuli ni sehemu ya chakula. Tia sosi ya samaki, sukari na chumvi, kisha uonje. Supu ikiwa peke yake katika kijiko inapaswa kuwa na chumvi kidogo kupita unavyopenda. Tambi hazina chumvi, wala nyama, wala majani, na vyote vitaipunguza ladha mara vitakapokutana nayo. Wapishi wengi wa mara ya kwanza husahau jambo hili, wakadhani wamekosa kiungo fulani.

Tambi, nyama na bakuli

Loweka tambi katika maji ya kawaida kwa nusu saa. Katika sufuria ya pili chemsha maji, na utie tambi za mtu mmoja mmoja kwa nusu dakika hadi dakika moja, zichuje vizuri, uziweke bakulini. Usizipike ndani ya supu yenyewe, kwani wanga wake utaifanya nzito na yenye utelezi.

Nyama ya sarara iweke katika friza kwa nusu saa ili igande kidogo, kisha ikate kwa kisu kikali, ukipinga nyuzi zake, iwe nyembamba kama karatasi. Kidari nacho kikatwe vipande vyembamba. Panga nyama zote mbili juu ya tambi, nyunyiza vitunguu vya majani na kotimiri, na umiminie supu inayochemka kwelikweli, si ya moto tu. Supu hiyo ndiyo inayoipika nyama mbichi mbele ya mlaji.

Hapa patahitajika hadhari. Wengi wetu hatukuzoea nyama yenye wekundu, na kwa wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa haifai kabisa. Kwa hao, zamisha vipande katika kichujio ndani ya supu inayotokota mpaka wekundu wote uondoke, kisha uvipakue. Ladha haitapungua.

Peleka mezani sahani ya mrehani, chipukizi za choroko, ndimu na pilipili. Kila mlaji hujichumia na kujikamulia apendavyo. Chipukizi zichovywe kwanza katika maji yanayochemka. Mlaji aonje supu kabla ya kutia chochote. Huko Vietnam kukamua ndimu kabla ya kuonja ni kumwambia mpishi kwamba hukumwamini.

Kuhifadhi

Kazi ya saa sita haipaswi kuwa ya mlo mmoja. Supu inayobaki igawe katika vyombo vidogo, viweke ndani ya beseni la maji baridi ili ipoe upesi, kisha uitie katika friji kabla ya saa mbili kupita. Chungu kikubwa kilichoachwa jikoni usiku kucha, hasa katika joto la Dar es Salaam au Dubai, ni makazi mazuri ya vijidudu, na vingine huacha sumu isiyoondoka hata ukiichemsha supu upya. Katika friji itakaa siku tatu, na katika friza miezi mitatu. Tambi zisihifadhiwe ndani yake, kwani zitaivuka na kuivunda.

Swali ambalo halikuulizwa

Siku ya tatu ya masomo yetu, Dada aliniuliza supu ya kwetu hupikwaje. Nikaanza kumweleza: mifupa, kitunguu, pilipili manga, ndimu. Akauliza mama yangu alikuwa akiiungaje, kwa nini ilikuwa na rangi ile niliyomsimulia, na alitia nini mwisho kabla ya kuiteremsha. Sikuwa na jibu. Nilikunywa supu ile kila Jumapili kwa miaka isiyopungua ishirini, na sikuwahi hata mara moja kuingia jikoni kuuliza. Niliwahoji mawaziri, majenerali na wakimbizi. Mama sikumhoji. Alifariki nikiwa huku, na sikuweza kwenda kumzika.

Dada zangu wawili wanakumbuka kila mmoja kwa namna yake. Mmoja anasema ni bizari nyembamba, mwingine anaapa kuwa ni majani ya mchaichai. Nimejaribu yote mawili, na kila mara supu imekuwa nzuri, na kila mara si yenyewe.

Daftari la phở sasa liko katika nakala mbili. Moja ninayo mimi. Nyingine aliichukua binti wa jirani yangu, aliyezaliwa London na asiyewahi kupika chakula hicho, akisema kwamba mama yake hakupata kumwambia vipimo kwa sababu hakuwahi kuvijua. Alipoipika mara ya kwanza, mama yake alionja, akaongeza sosi ya samaki kidogo, akala bakuli zima bila ya kusema neno.

Kwa hiyo, msomaji, ukiipika supu hii Jumamosi, utakuwa na saa sita za kusubiri mbele ya moto mdogo usiohitaji kuangaliwa sana. Ni muda wa kutosha kumpigia simu mama, shangazi au bibi aliyeko nyumbani, na kumuuliza chakula kimoja anachokipika bila ya kuandika. Usiridhike akikwambia "kiasi". Mwombe akipime.